Mwaka wa Kusindikiza Taa

"Wende kwa bokilo, Dezi. Ile fare nitaisindikiza miye."

Sefu aliniambia maneno hayo Jumamosi alasiri, akiwa ameketi juu ya tairi kuukuu mbele ya karakana yetu ya Kamembe, upande wa Rwanda, akijisugua grisi vidoleni kwa sabuni ya unga. Nilipaswa kukataa. Nilikuwa na kila sababu ya kukataa, na sababu kubwa kuliko zote niliijua mimi peke yangu, kwa kuwa nilikuwa nimeificha kwa mikono yangu nyuma ya betri ya pikapu iliyosimama karibu nasi. Badala yake nikacheka, nikamshika bega, nikasema, "Aksanti, yaya," kisha nikaenda kutafuta shati la kuazima. Bokilo kwetu ni wakwe, yaya ni kaka mkubwa, na fare ni taa za mbele za gari. Kusindikiza fare ilikuwa desturi ya karakana yetu, nayo nitaieleza, maana asiyeielewa atadhani nilikubali jambo dogo tu, rafiki kumpokea rafiki mzigo siku ana haraka.

Mwezi uliopita nilishuka Bugarama kwa sababu Sefu alikuwa amefariki, na tangu nirudi nimekuwa nikikaa barazani asubuhi, chai ikipoa, nikiukumbuka mwaka ule mmoja kuliko miaka mingine yote niliyoishi. Ulikuwa mwaka ambao vita vya pili vya Congo vilianza. Mimi nilikuwa nimerudi kutoka Bukavu muda si mrefu, na cheti changu cha umeme cha shule ya sekondari nilikuwa nimekikunja katika mfuko wa nailoni. Kutoka mlangoni petu tuliona paa za Bukavu, upande wa Congo, zikimetameta ng'ambo ya ziwa, na siku nyingine tulisikia milio ya bunduki kutoka huko, mbali, kama mtu anayepiga mikeka vumbi litoke. Mtu yeyote aliyekuja karakanani hakuulizwa alikuwa wapi miaka iliyopita. Tuliuliza gari lina tatizo gani. Leo vijana husema kwamba tulikuwa watu wa kunyamaza, na labda ni kweli, lakini nakumbuka kelele nyingi: nyundo, redio, Sefu akiimba kaswida vibaya, na Maman Vumilia akitusimanga kupitia ukuta wa mbao.

Maman Vumilia alikuwa mwenye nyumba wetu na mpishi wetu. Upande mmoja wa ukuta ilikuwa karakana, upande wa pili mkahawa wake wenye meza ndefu moja na benchi mbili, na mbao za katikati zilikuwa zimekauka zikaachana, kwa hiyo sisi tulinusa kila alichopika na yeye alisikia kila tulichosema. Alituita batoto bake, ingawa Sefu alikuwa na mke na binti mdogo kule Bugarama, nami nilikuwa na ndevu. Saa sita ikifika, sambaza, dagaa wa ziwani, walianza kulia ndani ya mafuta, na harufu yao ilipita kwenye nyufa ikatukuta tumelala chini ya gari. "Hiyo fare imewaka ao mungali munaiombea?" angeuliza kutoka jikoni. Sefu alijibu, "Maman, Dezi anaisomea kwanza. Yeye ni muntu wa masomo." Nami nikasema, "Maman, usimusikilize, yeye amefunga waya kwa shambre ya baiskeli," yaani mpira wa ndani wa gurudumu. Tuliketi kwenye benchi, tukamega bugali kutoka sahani moja, sombe ya majani ya muhogo katikati, sambaza pembeni, na Sefu daima alinisogezea wale waliokaangwa zaidi kwa sababu alijua napenda wanaovunjika mdomoni. Sijawahi kuwa na meza nzuri kuliko ile, na nimekula kwenye meza zenye vitambaa.

Kazi yetu ilikuwa taa, karibu taa tupu. Barabara ya kutoka kwetu kwenda Butare hupita katika msitu wa Nyungwe, na kule ndani ukungu hushuka wakati wowote, hata saa nne asubuhi, dereva asione mwisho wa boneti yake. Mwaka ule watu waliuogopa msitu kwa sababu ya wenye bunduki pia, na hakuna aliyetaka kukawia ndani yake. Ndipo wafanyabiashara walipoanza kuleta fare za Dubai. Zilikuja ndani ya makatoni yenye picha ya gari lililozungukwa na miali, vioo vyake vikiwa safi kama glasi za harusini, na balbu zake zilikula umeme mara mbili ya zile za kiwandani. Kila dereva alizitaka. Alizinunua, akazifunga mwenyewe siku ya Jumapili kwa bisibisi ya jirani, na Jumatatu alikuwa mlangoni petu.

Shida zake zilikuwa za aina chache, nasi tulizijua kama mtu anavyojua tabia za shangazi zake. Balbu kubwa kwenye waya nyembamba: swichi inapata moto, plastiki inayeyuka, ndani ya gari kunanuka kama nywele zilizoungua. Dawa yake ni relei, kile kisanduku kidogo kinachochukua umeme mwingi moja kwa moja kutoka kwenye betri, swichi ibaki na kazi ya kutoa amri tu. Halafu kulikuwa na pikapu fulani za Kijapani zilizotutesa miezi miwili. Ukiwasha taa ndogo, taa zote zinawaka nusu nusu, rangi ya chai, na kile kitaa cha buluu kwenye dashibodi kinawaka bila kuitwa. Tulibadilisha balbu, tukabadilisha relei, tukalaumu Dubai. Siku moja nilichora njia ya umeme kwa chaki juu ya ukuta wa Maman Vumilia, nikagundua kwamba katika magari yale swichi haikati umeme unapokwenda kwenye taa, inaukata unaporudi. Fare za Dubai zilikuwa zimetengenezwa kwa magari ya mtindo wa kawaida. Zilitakiwa zipewe relei mbili na masi yao wenyewe. Masi ni ile waya inayoshikwa kwenye bati la gari ili umeme upate njia ya kurudi betrini. Bila masi nzuri, taa yoyote ni pambo. Nilipomaliza kueleza, Sefu alitazama mchoro muda mrefu, akasema, "Yaani miezi miwili siye tunafunga mulango wa mbele, na mwizi anapitia nyuma." Kisha akazifunga relei zile kwa mikono yake, na hapo ndipo mchoro wangu ulipogeuka kuwa kitu. Nilikuwa naweza kufikiri umeme, lakini waya zangu zilikuwa kama nyoka waliokanyagwa. Za kwake zililala sambamba, zimefungwa kwa vipande vya shambre vilivyokatwa sawa, na masi yake daima ilikuwa mahali pamoja: kando ya taa ya kushoto, juu ya bati lililosuguliwa kwa msasa mpaka likang'aa, ikiwa wazi, bila utepe juu yake. "Ili muntu akifungua boneti aione kabla hajaitafuta," alisema. Tulikubaliana kwamba kila gari litokalo kwetu litakuwa hivyo, liwe limefungwa na yeye ama na mimi.

Kipimo chetu kilikuwa balbu ndogo ya taa ya nyuma iliyounganishwa waya mbili na koleo. Tuliiita shahidi, kwa sababu Wafaransa huiita hivyo kwa lugha yao na wakubwa wetu wa kazi walikuwa wameitafsiri zamani. Ukimgusisha shahidi mahali, akiwaka, umeme upo. Ana kasoro moja, nayo niliijua vizuri, ilikuwa imeandikwa katika daftari langu la shule: shahidi anaridhika na umeme kidogo. Atawaka hata kama kiungo ni kibovu. Fare kubwa ndiyo isiyoridhika. Itapita siku moja, mbili, kwenye kiungo kibovu, halafu joto na mtikisiko wa barabara vitamaliza kazi.

Kwa sababu hiyo ilizaliwa desturi yetu. Mwanzoni mwa mwaka dereva mmoja alirudi kutoka Nyungwe akiwa amekasirika, fare zake zimezimika njiani, amelala ndani ya gari akisubiri ukungu uondoke. Sefu alimsikiliza, akamwomba radhi, na gari lilipotengenezwa tena akapanda mbele, akaketi karibu na dereva na mfuko wake wa vifaa magotini. "Tunaenda pamoja," alisema. "Zikizima, ni shida yangu na yako." Walikwenda mpaka ng'ambo ya msitu, Sefu akarudi jioni juu ya lori la viazi, amelowa na kufurahi. Tangu siku hiyo ikawa sheria: fare mpya haivuki msitu mara ya kwanza bila fundi ndani. Na fundi huyo awe yule aliyeifunga, si mwingine, maana ni yeye peke yake anayejua mahali kila waya ilipo, na ndani ya ukungu hakuna muda wa kutafuta. Madereva waliipenda sheria hiyo. Walitusubiri, walitununulia chai na mandazi Gikongoro, ng'ambo ya msitu, wakatupakia kurudi. Mimi niliipenda zaidi ya wote. Nakumbuka safari yangu ya kwanza, na mzee aliyepeleka mchele, asiyesema neno mpaka tulipoingia kwenye miti. Ukungu ulipotufunika aliwasha taa, miali ikachonga njia nyeupe mbele yetu, na mzee akapiga usukani kwa kiganja: "Eh! Mutoto wa Bukavu! Unaona ile jiwe? Miaka yote napita hapa, sikujuaka kuna jiwe!" Nilicheka mpaka machozi.

Mwaka huohuo nilimpenda Imakulata. Aliuza vitambaa sokoni Kamembe, na nyumbani kwao ni Mururu, kwenye mteremko unaotazama bonde la Rusizi. Baba yake alikuwa mkulima mpole, mwenye kusikiliza kwa kuinamisha kichwa. Kwa muda mrefu hakunikatalia wala kunikubalia. Alisema tu kwamba waliokulia ng'ambo huzungumza haraka na yeye anahitaji muda wa kuwaelewa. Kisha, baada ya mavuno ya maharage, alituma ujumbe kwamba Jumapili inayofuata nije nile nao baada ya misa. Kila mtu alijua maana yake. Maman Vumilia alijua kabla yangu. "Bakikuita kula, usiache kitu mu sahani," aliniagiza kupitia ukuta. "Na usiongee siasa. Na usiongee fare. Hakuna mwanamuke alioleka kwa sababu ya relei." Sefu alikuwa chini ya gari. Alisema kutoka kule chini, "Maman, huyu atawaeleza masi mpaka mbuzi afufuke."

Jumamosi ya kuamkia siku hiyo aliingia Papa Riziki, mfanyabiashara wa sambaza wakavu, mtu mnene mwenye sauti nyembamba, na pikapu ya Kijapani ya aina ile iliyotutesa. Alikuwa amenunua fare mpya, na mzigo wake ulitakiwa kuwa Butare Jumapili. Sefu alikuwa amezama katika injini ya basi dogo, kwa hiyo kazi ikawa yangu. Niliifanya vizuri, nasema kweli, karibu yote. Relei mbili, fyuzi, waya za kwenda kwenye taa. Zikabaki masi, na waya nene ikaniishia. Ilipungua kama urefu wa mkono kufika kando ya taa ya kushoto. Muuza waya wetu alipata bidhaa zake kutoka ng'ambo, na mpaka ulikuwa umefungwa tena wiki ile. Ningeweza kwenda kuuliza karakana nyingine. Ningeweza kumwambia Papa Riziki asubiri. Lakini nilikuwa namfikiria Imakulata, shati sikuwa nalo, na jua lilikuwa linashuka. Nyuma ya betri, chini kabisa, kulikuwa na skrubu ya kiwandani inayoshika sahani ya betri. Nikaibana masi chini ya skrubu ile, juu ya rangi, bila kuisugua kwa kuwa msasa haukufika. Nikazungusha utepe mweusi juu yake ili Sefu asiione akipita. Nikamgusisha shahidi. Akawaka. Fare nazo zikawaka, nyeupe kabisa, na Papa Riziki akapiga makofi.

Sikuwa na nia mbaya. Nilijiambia kwamba safari ya msitu ni yangu, nitakuwa ndani ya gari, zikitetereka najua pa kushika, na Gikongoro nitanunua waya nimalize kazi. Nilikuwa nimepanga kumwomba Papa Riziki aondoke Jumatatu. Nilipomwomba, alikataa; sambaza wangemharibikia. Ndipo nilipobaki katikati ya karakana nimeshika kichwa, na Sefu, aliyesikia yote, akaja kukaa juu ya lile tairi.

"Banakungoja na mbuzi," alisema, "na weye unataka kwenda kula mandazi baridi mu pori?"

"Sheria ni sheria, yaya. Niliyefunga ni miye."

"Sheria niliitunga miye. Na masi yako si iko pale pa siku zote?"

Aliuliza hivyo kwa kawaida tu, kama mtu anayeuliza kama mlango umefungwa. Nilisema, "Iko." Neno moja. Akasema basi niende kwa bokilo, fare ataisindikiza yeye. Nami nikamshukuru.

Mlo wa Mururu naukumbuka wote, na hilo ni sehemu ya adhabu yangu. Chumba kilikuwa kimesafishwa mpaka sakafu ya saruji iling'aa, mapazia yalikuwa ya kitambaa alichoshona Imakulata mwenyewe, na juu ya ukuta kulikuwa na picha ya Bikira Maria yenye maua ya karatasi. Mbuzi alipikwa kwa nyanya na vitunguu, na ndizi zilikuwa laini zikiyeyuka ndani ya mchuzi. Kulikuwa na maharage mekundu yaliyopondwa kidogo, na wali kutoka Bugarama, mweupe, punje zimeachana. Baba yake aliinamisha kichwa akaniuliza kazi yangu ni nini hasa. Nilisahau onyo la Maman Vumilia, nikaanza kumweleza juu ya kusindikiza taa. Alisikiliza mpaka mwisho. "Ni desturi nzuri," alisema. "Mtu kukaa ndani ya kazi yake. Na leo hakuna gari la kusindikiza?" Nikajibu kwamba rafiki yangu amenipokea. "Basi una rafiki," akasema, akanimiminia mchuzi zaidi. Imakulata alinitazama kutoka mlangoni, anacheka kwa macho. Kwa furaha nikamaliza sahani ya kwanza mpaka punje ya mwisho.

Tulikuwa kwenye sahani ya pili Maman Vumilia alipotokea uani. Alikuwa amepanda mlima kwa kandambili zake za jikoni, kanga imelowa jasho, na hakumsalimia mtu yeyote, jambo ambalo sikuwahi kuliona kwake kabla wala baadaye.

"Dezi, toka," alisema. "Sefu ameumia mukono. Iko hospitali. Toka, mutoto wangu."

Papa Riziki ndiye aliyenisimulia, tukiwa tumeketi kwenye korido ya hospitali, sauti yake nyembamba imekatikakatika. Waliingia msituni asubuhi, ukungu ukiwa mzito kama maziwa ya mgando. Fare zilionyesha vizuri, kisha zikaanza kupepesa, kisha zote mbili zikazimika kwa pamoja. Alisimamisha gari pembeni, nusu bado barabarani, kwa kuwa upande mmoja ni ukuta wa mlima na wa pili ni korongo. Sefu alisema papo hapo, "Zote pamoja? Ni masi," akafungua boneti na kutazama kando ya taa ya kushoto. Haikuwepo. Akatazama kulia. Haikuwepo. Akaanza kuifuata waya kwa vidole kutoka kwenye taa, polepole, chini ya bomba, chini ya betri. "Alikuwa anacheka," Papa Riziki aliniambia. "Hiyo njo kitu minashindwa kusahau. Alisema, 'Papa, huyu Dezi ameficha masi yake kama mama mwenye kuficha sukari.' Akaingiza mukono mpaka hapa," akaonyesha kiwiko. "Akasema, 'Nimeipata, nimeipata.'" Lori lilikuwa likiteremka. Dereva wake hakuona gari, lililozimwa taa zote ili Sefu afanye kazi, mpaka alipokuwa karibu nalo. Aliligonga kwa nyuma, si kwa nguvu nyingi, hata sambaza hawakumwagika. Lakini pikapu ilisukumwa ikagonga ukingo wa mlima, bati la mbele likajikunja juu ya betri, na mkono wa Sefu ulikuwa bado kule chini.

Masi ingekuwa kando ya taa ya kushoto, angekuwa amemaliza na kurudi kwenye kiti.

Waliniruhusu nimwone siku iliyofuata. Alikuwa kitanda cha dirishani, mkono wa kulia umefungwa mpaka begani, midomo imekauka. Mke wake Zaituni alikuwa amepanda kutoka Bugarama, amekaa sakafuni na binti yao mgongoni. Nilikuwa nimejiandaa usiku kucha kusema. Sefu alinitazama, akasema kwa sauti ya chini, "Balikulisha nini?"

Nikamwambia. Nilimweleza mbuzi, na nyanya, na ndizi, na kwamba wali ulikuwa wa kwao. Alifumba macho akisikiliza, anatabasamu, kama mtu anayekula. Nilipofika mwisho alifumbua macho.

"Ni yote?" aliuliza.

Alisubiri. Zaituni naye alisubiri, ingawa hakujua anasubiri nini. Nje ya dirisha kulikuwa na watoto wakicheza mpira wa matambara. Nikasema, "Ni yote." Sefu akatikisa kichwa taratibu na kuutazama ukuta.

Mkono ulipona nje tu. Vidole havikufumba tena. Hakuweza kushika koleo wala kukaza skrubu. Alirudi Bugarama kulima mpunga na kaka zake. Alikuja kwenye harusi yetu akiwa na gunia la mchele begani, akacheza akiinua mkono wa kushoto juu, akamtania Imakulata kwamba amemtunzia mume wake asiharibikie porini. Baada ya siku ile, kila mavuno, dereva fulani alisimama karakanani na kushusha gunia. "Ni ya Sefu," angesema. "Anauliza, unashuka lini?" Nilisema nitashuka wiki ijayo. Nilisema kazi ni nyingi. Karakana ilikua, nikaajiri vijana, nikawafundisha kusugua bati, masi kando ya taa ya kushoto, bila utepe. Nilikuwa mkali juu ya jambo hilo kuliko jambo lolote, na hawakujua kwa nini. Mchele tuliula. Kutoka Kamembe mpaka Bugarama ni mwendo wa asubuhi moja, barabara inateremka tu, na mimi nilizeeka bila kuushuka.

Mavuno ya mwisho gunia halikuja. Alikuja kijana wa Sefu kwa pikipiki kuniambia baba yake amefariki alfajiri. Waislamu hawamcheleweshi maiti, na nilipofika Bugarama walikuwa wameshatoka makaburini, wananawa mikono. Zaituni alinikaribisha ndani. Nywele zake zimekuwa nyeupe. Juu ya ukuta, kwenye msumari, alining'inia shahidi wetu wa zamani, waya zake zimefungwa vizuri kwa kipande cha shambre. Zaituni aliniletea wali na maharage, akakaa mbele yangu mpaka nilipoanza kula.

"Kila gari ikisimama barabarani alikuwa anainua kichwa," alisema. "Namuuliza, unangoja nani? Anasema, Dezi. Siku moja atashuka, iko na kitu ya kuniambia. Miye nikamuuliza, kitu gani? Akasema, naijua tayari, lakini ni yeye wa kuisema."

Nilimwambia Zaituni, palepale, mdomo bado una wali. Skrubu, rangi, utepe mweusi, neno "Iko." Hakulia wala hakunilaumu. Alisema, "Ungemuambia yeye," kisha akaniongezea maharage, kwa sababu mgeni alikuwa hajashiba.

Nyumbani nikamweleza Imakulata, ambaye ameishi nami miaka yote hii na mlo ule katikati yetu bila kujua. Alikuwa anachambua mboga. Aliendelea mpaka zikaisha. "Baba angekungoja wiki moja," alisema. "Alikuwa anapenda watu wa namna hiyo. Ungesema, nina gari la kusindikiza, angekupa mimi siku hiyohiyo." Na najua ni kweli, maana nilimwona mzee yule alivyoinamisha kichwa niliposimulia desturi yetu.

Kwa hiyo ile Jumamosi sikulazimika kuchagua kati ya mke na rafiki, kama nilivyojidanganya. Nilichagua shati safi na sahani ya mbuzi. Gharama yake ilikuwa mkono wa kulia wa Sefu, ambao haukuwa wangu kuutoa. Kisha, kwa kuwa sikusema, ikawa Sefu mwenyewe: rafiki pekee niliyewahi kula naye sahani moja, aliyekuwa hai, mwendo wa asubuhi moja kutoka mlangoni pangu, akiinua kichwa kila gari liliposimama, mpaka alipoacha kuinua.